Khabari ya Kutundikwa kwa Askofu katika Nyumba ya Bawshar

Tulieni, enyi jamaa mliokusanyika, na wewe uliyeshika kikombe cha kahawa kiweke chini, maana khabari hii haimfai mtu aliyeshughulika na kingine. Nileteeni wino usiochujuka na karatasi ambayo mende hataionja, nianze kwa jina la Mola anayejua kilichojificha nyuma ya lipu ya kila ukuta, nikusimulieni vita alivyopigana Humam, mjukuu wa Harub, siku ya Ijumaa, mwezi wa Agosti, mwaka wa elfu mbili na mbili, huko Bawshar, mjini Maskati, alipomwinua Askofu wa Kiingereza na kumweka mahali pake. Mmeshasimuliwa wafalme waliovunja ngome na majemadari waliovuka mito, nami sina ugomvi nao. Lakini hao walikuwa na majeshi, na Humam alikuwa na nyundo ya kuazima.

Wala msinihoji nimezipata wapi khabari hizi, kwani mimi ni binamu wa shujaa na ni shahidi wa macho. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, nimekaa kwenye kochi jipya ambalo nailoni yake ilikuwa haijatolewa, sahani ya halwa mbele yangu, na sikunyanyuka hata mara moja isipokuwa kwa sala. Wako waliosema baadaye kwamba ningeweza kusaidia. Hao hawaijui kazi ya mwandishi. Mwandishi akishika ngazi, nani ataandika?

Kwanza mjueni Askofu. Alikuwa mtu wa karatasi. Fundi mmoja wa London alimchonga zaidi ya miaka mia mbili nyuma, mstari kwa mstari, juu ya bamba la shaba, kisha bamba likatiwa wino na kupigwa chapa, akatoka Askofu mmoja, na wa pili, na wa tatu, wote sawasawa, kama vitumbua vya chuma kimoja. Alivaa nywele za bandia zilizomshuka hadi mabegani, mikono ya joho lake imefura mithili ya mito miwili ya kulalia, kidevu chake kidevu cha mtu aliyekula akashiba, na kidole chake kimoja kimo baina ya kurasa za kitabu, kama aliyekatizwa kusoma akawa anakungoja umalize ulilonalo ili aendelee. Jina lake na jimbo lake viliandikwa chini, lakini wadudu wa Unguja waliyala maandishi hayo zamani sana, wakakibakisha cheo bila ya mwenyewe.

Mtaniuliza: aliingiaje katika nyumba ya Waislamu? Aliingia kwa mnada. Bwana Harub, babu wa shujaa wetu, karani wa forodha Unguja, mtu wa kanzu safi na maneno machache, alikwenda mnadani siku Mzungu mmoja alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Akaona fremu mbili za mti mweusi zenye ukingo wa dhahabu, akazitamani. Ndani ya fremu zote mbili alikuwamo Askofu, yule yule, mara mbili, na mwendesha mnada hakukubali kumtenga na fremu zake. Harub alizichukua hivyo hivyo. Fremu ya kwanza akaiacha na Askofu wake, kwa kuwa mgeni hafukuzwi bila ya kosa. Ya pili akaifungua, akatia picha yake mwenyewe aliyopigwa na joho na kilemba, na Askofu wa pili akambakisha humo humo nyuma ya picha, awe karatasi ya mgongo, maana karatasi nzuri haitupwi. Basi wakatundikwa bega kwa bega, Harub na Askofu, wakawa wanatazama watu wakila, miaka nenda miaka rudi.

Hata ulipofika mwaka wa sitini na nne, watu wakahama kwa pupa, kila mmoja na alichoweza kubeba. Harub alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake Mahfoudha, msichana wakati huo, akaambiwa na mama yake: kachukue picha ya baba. Ilikuwa ni hiyo moja tu, hapakuwa na nyingine. Madirisha yote ya nyumba yalikuwa yamefungwa kwa khofu, sebule haionekani, naye akaupapasa ukuta, akaondoa fremu, akaifunga ndani ya kanga, akaipakata safari nzima ya baharini hata hakuiweka chini kula. Walipofika bandarini Matrah, Maskati, akafungua kanga mbele ya mama yake. Alikuwa Askofu.

Mama mtu alimtazama Askofu, na Askofu akamtazama mama mtu, na kidole chake kimo kitabuni. Kisha mama akasema maneno ambayo ukoo mzima unayajua hadi leo.

"Haya. Mtundikeni. Huyu alikuwa jirani yake."

Ndivyo Askofu alivyokuwa mtu wa kwetu. Alitundikwa nyumbani Sidab, kwa Bi Mahfoudha alipoolewa, na chini yake wakazaliwa watoto, Humam mmoja wao, wakatahiriwa, wakapasi mitihani, wakaposa. Violeth, mtu wa Bukoba, alipokuja Sidab kumfanyia kazi Bi Mahfoudha, siku ya kwanza alisimama na ufagio mkononi, akamtazama kwa muda.

"Bibi, huyu si askofu?"

"Ndiye."

"Wa kwetu au wa kwenu?"

Bi Mahfoudha alilifikiri swali hilo kama linavyostahiki. "Wa kwetu," akasema. "Lakini ukiwa na lako la kumwambia, mwambie." Tangu siku hiyo Violeth hakwenda kanisani Ruwi hata Ijumaa moja, maana huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada yao, bila ya kumuaga.

Sasa sikieni kilichowasha moto. Mwaka huo wa elfu mbili na mbili, Ijumaa moja, Violeth yuko kanisani, Bi Mahfoudha alianguka kwenye vidaraja vya kupandia mlangoni mwa nyumba ya Sidab, akakaa pale chini peke yake, goti limegeuka, mpaka jirani aliyekuja kurudisha sufuria akamkuta. Humam alipopata khabari aliogopa, nami siwafichi, kwa kuwa khofu ya mtoto kwa mama yake si aibu hata kwa mashujaa. Kila simu ya nyumbani ilipolia alijua ni kifo. Akaenda Sidab, akapiga magoti, akalia, akamwomba mama yake ahamie Bawshar kwenye nyumba mpya isiyo na vidaraja. Na mama, baada ya kukataa kwa namna zote anazozijua mwanamke wa Unguja, akakubali kuja kuitazama.

Akaja. Akakataa kochi. Akakaa juu ya sanduku lake la safari katikati ya sebule, buibui mwilini, Askofu mapajani, amefungwa kanga iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na watu wote walipokwisha kumwamkia akainua kidole, akahutubu.

"Humam, mwanangu, n'sikilize. Mie nimekuja kwa kuwa umenililia. Lakini nyumba hii siijui, nayo hainijui. Pahala Askofu hajatundikwa, mie silali. Babu yako alimtundika kwa mkono wake Unguja. Baba yako, Mungu amrehemu, alimtundika kwa mkono wake Sidab. Na hapa atatundikwa kwa mkono wako wewe, nnakwambia, si kwa mkono wa fundi wa kukodi. Ikiadhiniwa magharibi naye yungali mapajani mwangu, n'rejeshe kwangu. Na usinililie tena. Machozi yako nishayaona."

Sote tukamgeukia Humam. Maana lazima mjue, enyi wasikilizaji, Humam alikuwa nani. Alikuwa mkuu wa idara katika wizara, bwana wa mihuri, mtiaji saini mashuhuri, mtu ambaye madereva walisimama alipopita. Lakini msumari hakuwahi kuupiga tangu azaliwe. Katika Maskati ya zama hizo bwana mkubwa akitaka msumari alipiga simu, akaja mtu. Sasa ilikuwa Ijumaa, mafundi wamelala, na hata wangekuwa macho, sharti lilikuwa limekwisha kutolewa.

Humam akasimama. Akavua dishdasha lake, akabaki na fulana na shuka ya kiunoni, vazi la baba zake waliopigana na mengi. Akatuma nyundo iazimwe kwa jirani. Violeth akaleta ngazi kutoka stoo na mfuko wa misumari iliyoachwa na waliojenga. Taghreed, mke wa shujaa, bibi wa mapazia yanayofanana na mito ya makochi, akasimama baina ya mume wake na ukuta, akasema neno la kumuaga anayekwenda vitani, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Hind, ukuta huu umepakwa rangi juzi. Rangi yenyewe nimeichagua mie, nimezunguka nayo maduka mpaka miguu imevimba. Nenda, sikuzuwii, mama ni mama. Lakini nnakuomba, ukipiga, piga kwa huruma."

"Taghreed," akajibu Humam, "kama ningekuwa na njia nyingine ningeifuata. Leo ukuta utapata jeraha moja, na mama yangu atapata kwao. Nisamehe."

Akachagua ukuta mkuu wa sebule, mpana, mweupe, haujaguswa. Akapanda ngazi, Violeth ameishika kwa mikono miwili na goti. Na kabla ya kupiga, kama walivyofanya mashujaa wote wenye adabu, akausemesha.

"Ewe ukuta! Nakujua tangu ulipokuwa mchanga na saruji. Nilikuja kukutazama kila alasiri ulipokuwa unanyanyuliwa, nikakusimamia ukimwagiwa maji. Sina uadui nawe. Leo nimekuletea msumari mmoja. Upokee kwa hiari."

Ukuta haukujibu, kama ilivyo desturi ya kuta. Humam akapiga.

Msumari wa kwanza uliinama kwa heshima, ukabaki umeinama. Wa pili uliruka, ukapita juu ya kichwa cha Taghreed, ukatua katika sahani yangu ya halwa, nami nikauondoa kwa kijiko nikaendelea kushuhudia. Wa tatu haukupigwa, kwa sababu nyundo ilipita kando yake na kushuka juu ya kidole gumba cha mjukuu wa Harub kwa nguvu zake zote, na ukelele uliotoka uliwanyamazisha kunguru wa mtaa mzima.

"Jamani, pole Baba Hind!" Violeth akalia kutoka chini. "Umeumia? Twende hospitali au tuendelee?"

"Tuendelee, Violeth."

"Haya, Mungu akutangulie. Lakini hicho kidole kitavimba, mimi nimesema."

Bi Mahfoudha, juu ya sanduku, alimgeuza Askofu kidogo ili asione.

Hapo ndipo shujaa, kwa kuwa ushujaa si ujinga, alipotuma salamu kwa Thabit, shemeji yake, kaka wa Taghreed, aishiye barabara ya nyuma. Thabit alikuwa mtu wa mashine. Alimiliki keekee ya umeme aliyoinunua mwenyewe, na aliipenda kiasi kwamba hakupata kuitumia hata siku moja, ikakaa katika sanduku lake na povu lake na karatasi yake ya maelekezo ambayo haikukunjuliwa. Akaja mbio, kanzu imepepea, sanduku kifuani. Akasimama katikati ya sebule, akaiinua silaha ionekane na wote.

"Ya khoi, ndugu yangu, weka nyundo chini! Nyundo ni silaha ya watu wa kale. Hii hapa drili. Watu wameniazima nikakataa. Wamenicheka nikavumilia. Nnajua mke wangu kasema iuzwe. Nikamwambia, wallahi, iko siku ukoo utaihitaji, na siku yenyewe ndiyo hii! Wapi tunatoboa?"

Wakatoboa. Mngurumo uliosikika mfano wake sina. Vumbi jeupe likatoka ukutani, likamfunika Humam ndevu na nyusi, likamfunika Thabit, likashuka polepole juu ya nailoni ya kochi na juu ya mwandishi wenu na juu ya halwa. Keekee ikala lipu, ikala tofali, na ilipokuwa karibu kushinda, ikanyamaza. Vyote vikanyamaza. Swichi kuu ya umeme ilikuwa imeanguka, na viyoyozi vya nyumba nzima vikatoa pumzi ya mwisho.

Agosti ya Maskati haibishi hodi. Joto liliingia kama mwenye nyumba, likakaa. Rangi aliyoichagua Taghreed ikaanza kutoa harufu. Bi Mahfoudha akampepea Askofu kwa ncha ya kanga, kisha akajipepea mwenyewe, kisha akamrudia Askofu. Taghreed, ambaye historia haikumtaja inavyopasa, alikwenda kizani mwa stoo, akaipapasa swichi, akaiinua, ikaanguka, akaiinua tena akaishikilia kwa kidole chake, akapiga kelele, "Toboeni upesi!" Wakatoboa upesi. Tundu likapatikana. Thabit akachonga kijiti, wakakisokomeza, Humam akapigilia msumari, msumari ukashika.

Askofu akapokewa kutoka mapajani, akafunguliwa kanga, akapandishwa. Alining'inia pale juu, mweusi na dhahabu katika ukuta mweupe, kana kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili yake. Tukashangilia, nami nikapiga makofi nikiwa nimekaa. Thabit akaibusu drili.

Na hapo, kutoka msikiti wa mtaa, ikaadhiniwa alasiri.

Bi Mahfoudha akashika goti lake, akajiweka sawa juu ya sanduku, tayari kuinuka kwa ajili ya udhu. Akauliza swali ambalo mgeni yeyote huuliza.

"Kibla kiko wapi hapa?"

Vidole vilinyanyuka vyenyewe, kama vilivyozoea. Cha Humam kilichovimba, cha Thabit, cha Taghreed aliyetoka stoo, na changu. Vyote vikaelekea upande mmoja, na vyote vikakoma kidevuni mwa Askofu.

Walikuwa wamemtundika kiblani. Watu hawa, waliojua kibla tangu kabla hawajajua majina yao, ambao hata ukiwaamsha usingizini wangekuonyesha magharibi bila ya kufumbua macho, walikuwa wamesahau kwa ajili ya lipu na vumbi, wakamweka kiongozi wa kanisa la Waingereza mahali ambapo familia nzima ingemwinamia mara tano kwa siku.

"Wallahi, Humam," akasema Bi Mahfoudha, na sauti yake haikuwa kali, jambo lililotuogopesha zaidi, "mzee huyu nimemheshimu maisha yangu yote. Nimempangusa vumbi, nimemhamisha bahari. Lakini kumsujudia, sijapata kumsujudia, na kwa umri huu sianzi. Mteremshe."

Akateremshwa. Kanga ikamrudia, na mapaja yakamrudia. Tukaswali, tundu la kwanza likitutazama, na nilipokuwa nimesujudu nilimsikia Humam kando yangu akivuta pumzi kama mtu aliyekwisha kushindwa. Baada ya salamu alikaa pale pale kwenye msala, mikono imefunguka juu ya magoti, gumba jekundu. Najua alichokuwa akikiona. Alikuwa anaiona gari ikirudi Sidab jioni ile, na vidaraja vile, na mama yake juu yavyo.

"Simama, ya khoi," akasema Thabit. "Waliopigana mara moja ni wengi."

Akasimama. Wakauendea ukuta wa pili, ulio nyuma ya migongo ya wanaoswali, na safari hii Humam alipigana kwa elimu. Alileta utepe wa kupimia na pima maji yenye kiputo chake cha kijani, akapima upana wa ukuta, akaugawa, akaupima tena kutoka upande wa pili asije akadanganywa, akatia alama ya penseli katikati hasa, pasipo kuzidi unywele. Taghreed akaenda kuishikilia swichi bila ya kuambiwa. Keekee ikanguruma, tundu likatoka la duara, safi, kijiti kikaingia, msumari ukaingia, Askofu akapanda. Kiputo kikasimama katikati ya mistari yake. Taghreed alirudi, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaukunja mkono kifuani, akasema ukuta sasa umekuwa ukuta, na kwamba kama angeletewa picha hii dukani angeichagua mwenyewe. Hapo nikajua ushindi umepatikana, kwa sababu Taghreed hajapata kusema hivyo kuhusu kitu cha Sidab.

Tukageuka wote kumtazama mwenye hukumu.

Bi Mahfoudha alitazama kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limeanza kulala kwenye mapazia.

"Vizuri," akasema. "Na baba atakaa wapi?"

Sikumwelewa. Thabit hakumwelewa. Humam alimwelewa, nami nikaona uso wake ukibadilika. Kwa maana nyumbani Sidab Askofu hakuwa katikati ya ukuta. Alikuwa kushoto, na upande wake wa kulia palikuwa patupu, upana wa fremu moja, na miaka yote ile hakuna kalenda wala saa wala picha ya harusi iliyowahi kuwekwa pale. Sisi watoto tulidhani baba yake Humam, Mungu amrehemu, hakujua kupima. Tulimcheka. Humam mwenyewe alimcheka, na utepe wa leo aliuleta ili asije akafanya kosa la baba yake.

"Mama," akasema taratibu kutoka juu ya ngazi, "picha ya babu haipo."

"Nnajua haipo. Mie ndiye niliyeiacha, sijui?" Akainua kidole. "Nimesema picha? Nimesema pahala."

Humam alilia, juu ya ngazi, mbele ya shemeji yake. Nimeandika na sitafuta. Violeth aliacha kuishika ngazi, akajipangusa macho kwa kanga yake, akakumbuka, akaishika tena.

Thabit akaikamata drili, lakini Bi Mahfoudha akamzuia kwa kiganja. "Mashine yako, Thabit mwanangu, ipumzishe, imefanya kazi kubwa. Huu n'nataka kuusikia ukipigwa nyundo. Baba alipiga kwa nyundo." Kisha akafanya ambalo hakulifanya tangu alipoingia nyumba ile isipokuwa kwa ajili ya sala. Aliinuka kutoka kwenye sanduku. Akaenda ukutani akichechemea, akamwashiria Humam amtoe Askofu, akakigeuza kichwa kuutazama ukuta wote, kama anayeupima kwa kitu asichokuwa nacho mkononi. Akaweka kiganja chake kwenye rangi ya Taghreed, kushoto kwa msumari.

"Hapa."

Humam akaweka msumari palipokuwa na kiganja, akaushika kwa gumba lile lile. Hakuusemesha ukuta. Akapiga, na msumari ukaingia. Akapiga tena, ukaingia zaidi, bila ya kuinama, bila ya kuruka, kama uliokuwa ukingojewa. Wajenzi watasema alikuwa amebahatika kuangukia kiungo cha saruji baina ya tofali na tofali, palipo laini. Nami sibishani na wajenzi. Bi Mahfoudha alikuwa amefumba macho, na kwa kila pigo kichwa chake kilitikisika kidogo, kama mtu anayeitikia jina lake.

Askofu akatundikwa. Akatulia, kidole kitabuni.

Taghreed, kwa nia njema kabisa, akachukua koleo aung'oe msumari wa katikati, uliobaki peke yake kulia kwa Askofu, ili kesho tundu lizibwe na kupakwa rangi. Alikuwa ameshaufikia.

"Uache huo," akasema Bi Mahfoudha. "Huo wa baba."

Taghreed akautazama ukuta wake, ambao hadi leo huona umeegemea upande mmoja. Akamtazama mkwewe. Akaliweka koleo chini.

Ikaadhiniwa magharibi.

Basi piga wino, ewe mkono, na msikie, enyi wa Bawshar na Sidab, mliopo na mtakaozaliwa! Semeni kwamba ngome zilivunjwa na mito ilivukwa, lakini mwaka wa elfu mbili na mbili, Ijumaa, kabla ya jua kuzama, Humam mjukuu wa Harub, bwana wa mihuri, mwenye gumba lililovimba, aliupiga ukuta kwa mkono wake mwenyewe, akauacha na misumari miwili, wa mgeni na wa mwenyeji, naye Thabit mtunza keekee alikuwa wa kuume kwake, na Violeth wa Bukoba aliishika ngazi, na Taghreed aliishikilia swichi, na mwandishi alikuwa kwenye kochi. Hayo yaandikwe, yasomwe, wala pasipunguzwe neno.

Bi Mahfoudha hakuyangoja maandishi. Alikuwa ameshavua buibui, akampa Violeth alitundike, akauliza ni mlango upi wa chumba chake.